Nyumba ya Nne Kutoka Msikitini

Kila ninapowasha laptopu yangu, prosesa yake huamka ikidhani bado ni mwaka 1978. Prosesa za ukoo wa x86 huanza kazi kwa biti 16, kama ile Intel 8086 ya mwaka huo, kisha programu za kuwashia huipandisha hadi biti 64.

8086 ilikuwa na dhiki yake. Rejista ya biti 16 huhesabu nafasi 65,536 tu, na kumbukumbu ya kufikiwa ilikuwa baiti 1,048,576. Wahandisi wakaigawa vipande: namba moja, ikizidishwa kwa 16, hutaja kipande kinapoanzia; ya pili hutaja hatua za kwenda mbele. Darasani Dar es Salaam wenzangu waliguna. Mimi nimekulia Kilwa Masoko, ambako nyumba hutajwa hivyo hivyo: fika msikitini, hesabu nyumba nne. Mwingine atakuelekeza hapo hapo akianzia sokoni, na wote wawili wako sahihi. Hata kwenye 8086, baiti moja ina anwani nyingi.

Prosesa za biti 64 za AMD, mwaka 2003, zilifanya karibu vipande vyote vianzie sifuri. Mwaka 2023 Intel ikapendekeza kuufuta kabisa urithi wa biti 16. Mwaka uliofuata ikaliacha wazo hilo. Wenzangu wanauita takataka. Mimi sioni hivyo, na sababu ni babu yangu.

Babu alikuwa karani wa chama cha wakulima wa korosho, chama ambacho sasa hakipo. Madai ya wakulima aliyatunza kwenye programu ya DOS. Kompyuta mpya iliikataa, kwa kuwa prosesa ikishaingia kwenye biti 64 haina tena njia ya kuiendesha programu ya 8086 pembeni. (Urithi unabaki mlangoni tu, sebuleni hauketi.) Nikaweka DOSBox, programu inayoiigiza mashine ya zamani yote, vipande na vyote.

Majina yakatokea. Babu akavaa miwani.

"Huyu marehemu. Huyu naye." Akashuka na kidole. "Huyu mwanawe yuko Somanga. Hizi kilo hawakumlipa."

"Chama kimekufa, babu. Atamdai nani?"

"Wewe andika kwanza, mjukuu wangu. Kilo mia mbili na arobaini."