Wekundu Ulioitoroka Kamera

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Kamera, kwa upande wake, inalo. Nalo hufungwa mapema sana panapohusika rangi nyekundu. Hayo niliyajua baada ya kumhuzunisha mama yangu mzazi.

Nyumbani kwetu Limuru, mbele ya jiko la mama, palikuwa na kichaka cha waridi jekundu. Marehemu baba alikipanda mwaka niliozaliwa. Mwaka jana tuliketi kama ukoo tukagawana ardhi, na kipande chenye waridi kikamwangukia kaka yangu mkubwa, ambaye alikusudia kujenga nyumba za kupangisha. Mama hakupinga, maadamu ugavi ulikuwa wa haki. Tulijaribu mara mbili kukata vijiti na kuvipanda kwingine, vyote vilikauka. Hapo ndipo mama aliponiambia, "Mwanangu, wewe uliyesoma, nihifadhie rangi yake."

Niliazima kamera ya dijitali ya mwenzangu wa chumbani, nikaenda nyumbani siku moja ya Februari na kupiga picha adhuhuri, jua likiwa la utosi. Nilidhani mwanga mwingi ndio ukweli mwingi. Nilipompelekea mama picha, aliishika mbali kidogo na uso, akaitazama, kisha akanirejeshea. "Hili ni ua la plastiki," akasema. "La baba yako halikuwa hivi."

Msomaji mpendwa, mama alisema kweli. Petali zote zilikuwa zimeshikana zikawa baka moja la wekundu, bila mshipa, bila kunjo, bila kivuli. Ilinibidi niiache tasnifu yangu kwa muda, nijifunze jinsi kamera inavyoona.

Ndani ya kamera mna bamba dogo lenye mamilioni ya vijichumba vya kupokea mwanga. Kila kijichumba kimefunikwa kwa kichujio cha rangi moja tu. Mpangilio unaotumika zaidi ni ule wa Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, uliopata hataza mwaka 1976: nusu ya vichujio ni vya kijani, robo ni vyekundu na robo ni vya samawati. Katika picha ya kawaida ya JPEG, kila mojawapo ya rangi hizo tatu huandikwa kwa nambari, kuanzia 0 hadi 255. Sasa, petali ya waridi jekundu hurudisha wekundu mwingi, ilhali kijani na samawati ni haba. Kipimo cha mwanga hutazama jumla, kikaona pana kiza, kikaongeza mwanga. Wekundu nao hupanda hadi 255 ukagota dari. Mshipa unaandikwa 255, kunjo linaandikwa 255, na ukingo vilevile. Kilichopotea hapo hakirudishwi na tarakilishi yoyote.

Nilirudi Limuru Julai, ukungu ulipokuwa umetanda juu ya mashamba ya chai. Mwanga wa ukungu ni mpole. Haupigi upande mmoja na kuunyima mwingine. Nilipunguza mwanga kwa hatua moja, yaani nusu ya ule uliopendekezwa na kamera. Aidha, nilikagua mchoro wa kila rangi peke yake, nikihakikisha kilima cha wekundu hakiegemei ukuta wa kulia. Nilihifadhi faili ghafi, ambazo huipa kila rangi ngazi 4,096 au hata 16,384 badala ya 256. Kisha niliweka kadi ya kijivu kando ya ua na kuipiga picha, ili niondoe ubaridi wa kivuli unaougeuza wekundu kuwa zambarau. Mbele ya tarakilishi sikuongeza rangi hata chembe. Niliipunguza.

Katika shughuli hiyo nilikumbuka somo la sarufi. Kati ya rangi zote, Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vinavyochukua upatanisho: -eupe, -eusi na -ekundu. Tukitaka kutia mkazo twasema "jekundu pyu". Picha yangu ya kwanza ilikuwa pyu, na haikuwa na lingine la kusema. Waridi la baba halikuwa pyu. Lilikuwa damu ya mzee katikati, likififia kidogo kwenye mkunjo, kisha likaingia weusi ukingoni. Nilitahayari kidogo, kwani msimamizi wangu alikuwa ameandika pambizoni mwa sura yangu ya pili: "Sifa ni nyingi, shairi lenyewe li wapi?" Nilikuwa nimemmwagia mshairi wangu mwanga wa adhuhuri, nikaifuta mishipa yake yote.

Mwezi wa Agosti nilimpelekea mama picha mpya. Aliitazama kwa kitambo. Hakuugusa wekundu, kidole chake kilienda ukingoni. "Hapa," akasema. "Baba yako aliupenda huu weusi."

Septemba kichaka kiling'olewa. Picha imetundikwa jikoni, nami sidai kwamba ni kamilifu, kwani karatasi nayo ina wekundu isioweza kuufikia. Mama hukaa mkabala nayo anapochambua mboga.

Wanafunzi wenzangu, nawaasa: tunapokipenda kitu, shairi au mtu, tusikimulike kupita kiasi. Tupunguze mwanga kidogo, ukingo wake upate kuonekana. Sura ya pili nimeiandika upya. Imekuwa fupi kwa kurasa tisa, na ndani yake mshairi ana makosa mawili ambayo awali sikuyaona.