Todd Duncan: Mwimbaji Aliyejua Kunyamaza

Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Aghalabu mwimbaji hupimwa kwa nyimbo alizoimba: ngapi, wapi na mbele ya nani. Hata hivyo, wapo waimbaji ambao thamani ya sauti zao haieleweki mpaka zihesabiwe pia siku walizokataa kufungua kinywa. Mmoja wao ni Todd Duncan, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mjini Danville, jimbo la Kentucky, mwaka wa 1903, na kuaga dunia jijini Washington mwaka wa 1998 akiwa na umri wa miaka 95.

Mamake Duncan alikuwa mwalimu wa muziki, na kwake ndiko alikoanzia kujifunza. Baadaye alisoma katika Chuo Kikuu cha Butler, kisha akahitimu shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka wa 1930. Punde si punde akawa mwalimu wa uimbaji katika Chuo Kikuu cha Howard jijini Washington, chuo kilichowalea wasomi weusi tangu mwaka wa 1867. Huko alifundisha hadi mwaka wa 1945.

Sanaa aliyoifundisha si ya mzaha. Mwimbaji wa opera hategemei kipaza sauti. Hana budi kuidhibiti pumzi kwa kiwambo na misuli ya mbavu, aliache koo huru, na kuisukuma sauti ivuke okestra nzima hadi imfikie aliyeketi kiti cha mwisho. Fauka ya hayo, sharti atamke Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa kwa ufasaha. Ni kazi ya miaka na mikaka. Ilhali katika Marekani ya miaka hiyo, mweusi aliyeimudu sanaa hii alifungiwa milango ya nyumba kuu za opera. Alinolewa kwa kazi ambayo hakuna aliyekuwa tayari kumpa.

Ndipo George Gershwin alipokuja kumsaka mwimbaji wa kuigiza Porgy, ombaomba kilema wa mtaa wa weusi mjini Charleston, mhusika mkuu wa opera yake Porgy and Bess. Gershwin alikuwa tajiri na mashuhuri. Duncan hakubabaika, alimwona kama mtunzi wa nyimbo za burudani tu. Alipofanyiwa majaribio aliimba wimbo wa Kiitaliano wa kale. Kabla hajafika mbali, Gershwin alimwomba awe Porgy wake. Duncan akamjibu kwamba ni lazima kwanza ausikie muziki wenyewe. Msomaji na atafakari: mwalimu wa chuo, mweusi, katika miaka ya dhiki kuu ya uchumi, anapewa nafasi ambayo wengi wangeipapia, naye anaomba kwanza kuipima!

Alipousikia muziki huo aliukubali, na tarehe 10 Oktoba 1935 opera hiyo ikafunguliwa jijini New York. Tangu hapo Duncan alimwigiza Porgy zaidi ya mara 1,800. Wapo weusi walioikosoa kazi hiyo, wakidai kuwa ni taswira ya Mwafrika iliyochorwa kwa kalamu ya mzungu. Hoja hiyo ina uzito. Gershwin alitaka majukumu ya weusi yaimbwe na weusi wenyewe, na kwa njia hiyo waimbaji waliofunzwa wakapata jukwaa. Lakini jukwaa hilo hilo liliwafunga wengi katika vazi la Porgy na Bess, kana kwamba hawakuweza kuvaa jingine.

Jaribio kubwa lilikuja mwezi wa Machi 1936, kundi hilo lilipofika Washington kuigiza katika ukumbi wa National. Kwa sheria za ukumbi huo, mweusi aliweza kusimama jukwaani, ila hakuruhusiwa kuketi miongoni mwa watazamaji. Maana yake ni kwamba wanafunzi wa Duncan, waliofunzwa naye katika jiji hilo hilo, wasingeruhusiwa kumtazama mwalimu wao. Duncan, akiungwa mkono na Anne Brown aliyekuwa Bess, alikataa kuimba. Wenye ukumbi wakaleta suluhu za nusunusu: weusi waruhusiwe katika maonyesho machache ya mchana, au waketi roshani peke yao. Akakataa zote. Hatimaye wakasalimu amri, na kwa muda wa maonyesho hayo, weusi na weupe wakaketi pamoja.

Ushindi huo ulikuwa wa siku chache. Kundi lilipoondoka, ubaguzi ulirejea. Mwaka wa 1948 wenye ukumbi walichagua kuufanya wa sinema kuliko kufuta ubaguzi, na michezo ya jukwaani ilirejea mwaka wa 1952, safari hii bila kubagua watazamaji. Almuradi, kilichoonekana mwaka wa 1936 ni kwamba jambo lililodaiwa haliwezekani liliwezekana.

Duncan alizipata wapi nguvu za kukataa? Bila shaka ujasiri ulikuwepo. Lakini lipo jingine ambalo wasimulizi hulipita upesi: alikuwa mwalimu. Jukwaa halikuwa riziki yake pekee wala heshima yake pekee. Asiye na pengine pa kusimama huimba anachoamriwa.

Milango mingine ilifunguka. Tarehe 28 Septemba 1945 aliigiza Tonio katika Pagliacci akiwa na kundi la New York City Opera, mweusi wa kwanza kuimba miongoni mwa weupe katika kundi kubwa la opera nchini humo. Hiyo ilikuwa karibu miaka kumi kabla ya Marian Anderson kuimba katika Metropolitan Opera, Januari 1955. Mwaka wa 1949 sauti yake iligusa Afrika: katika Lost in the Stars, tamthilia ya muziki iliyotokana na riwaya ya Alan Paton, Cry, the Beloved Country, alikuwa Stephen Kumalo, kasisi Mzulu anayemtafuta mwanawe Johannesburg. Mwaka wa 1955 akawa wa kwanza kuimba Unchained Melody, katika filamu ya Unchained. Walioupenda wimbo huo kwa sauti za wengine ni wengi. Wanaomjua mwimbaji wake wa kwanza ni wachache.

Halikumsumbua hilo, kwani kazi yake kuu ilikuwa nyumbani. Kwa miongo mingi baada ya kuondoka Howard aliwapokea wanafunzi nyumbani kwake Washington, mmoja baada ya mwingine, akiwafunza pumzi, matamshi na subira. Aliendelea hivyo hadi uzeeni kabisa.

Wengi wa wasomaji wa jarida hili ni walimu au watakuwa walimu, na wameshaambiwa kwamba ualimu ni kimbilio la walioshindwa kwingine. Kwa Duncan, darasa ndilo lililomwezesha kulitazama jukwaa usoni na kuliambia la.