Mbuzi Kwenye Gunia: Kijana wa Garissa na Uteuzi wa Kambi ya Programu

Neno kambi ni zito katika masikio ya mkaazi wa Garissa. Likitajwa, fikra huruka hadi Dadaab, ambako kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zimewahifadhi wakimbizi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ama huruka hadi kambi ya jeshi, yenye makuruta na amri zisizo na huruma. Maana hii ya pili ndiyo waliyoiazima Wamarekani walipoyapa jina mafunzo ya haraka ya kuandika programu za tarakilishi. Kuruta huingia hajui kitu, akatoa jasho majuma kadhaa, akatoka askari. Ndivyo ilivyoahidi Dev Bootcamp, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2012 na kufunga milango yake mwaka 2017. Mwaka 2014 Moringa School ilianzishwa Nairobi kwa mtindo unaofanana na huo. Siku hizi matangazo ya kambi za programu huwafikia vijana wa Garissa, Wajir na Mandera kupitia simu zao, na aghalabu huahidi mambo mawili: muda mfupi na kazi nzuri.

Mchukulie, msomaji, binti aliyemaliza kidato cha nne mjini Garissa. Alama zake ni za wastani, ila hesabu anaipenda. Baba yake ana ngamia wachache, na mmoja yu tayari kuuzwa kwa ajili ya karo. Ngamia huyo ni maziwa ya nyumba nzima na ni akiba ya siku za kiangazi. Fedha zake zikipotea bure, hapatakuwa na ngamia wa pili wa elimu, na wadogo wa binti huyu wataambiwa kila wanapotaja shule kwamba masomo ya dada yao ndiyo yaliyomla ngamia. Tajiri akikosea hujaribu tena. Maskini akikosea huwafungia mlango hata wanaomfuata.

Swali la kwanza ni la mahali. Nairobi iko umbali wa kilomita zipatazo 370 kutoka Garissa. Karo ikishalipwa, husalia kodi ya chumba, nauli na chakula. Tena ipo hofu ya wazazi ya kumwachia binti yao mji mgeni. Heri mafunzo yangeletwa Garissa kwenyewe, lakini walimu ni adimu. Shambulizi la tarehe 2 Aprili 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa, lililowaua watu 148, wengi wao wanafunzi, liliacha kovu. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapata hati ya kujitegemea. Hata hivyo, katika miaka ile ya hofu walimu wengi wasio wenyeji waliondoka Kaskazini Mashariki. Kabla ya kutazama mbali, binti huyu hana budi kuuliza yanayofundishwa chuoni humo na katika North Eastern National Polytechnic, iliyo mjini humo humo. Kozi ya chuo huchukua muda mrefu zaidi, lakini hutoa cheti kinachotambulika, naye angelala nyumbani kwao.

Akiamua kusoma kwa mtandao, atakumbana na masharti mengine. Nyaya za baharini zilizofika Mombasa mwaka 2009 ziliiharakishia Kenya mawasiliano, na mwaka 2019 kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 kilizinduliwa Garissa. Megawati hizo, hata hivyo, huingia katika gridi ya taifa. Hazimhakikishii binti taa saa mbili usiku, wala hazimnunulii data. Kwa hiyo na aulize: Je, vipindi hurekodiwa ili avipakue baadaye? Umeme ukikatika siku ya mtihani, huwaje? Kipakatalishi hutolewa na nani? Kambi inayomtaka mwanafunzi aketi mbele ya kamera saa 8 kila siku, katika joto la Garissa, ilitungwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Swali la pili ni la malipo, na hapa pana mtego uliopambwa. Zipo kambi zinazosema: soma sasa, lipa utakapopata kazi. Lambda School ya Marekani, iliyoanza mwaka 2017 na baadaye ikajiita BloomTech, iliwataka wahitimu watoe asilimia 17 ya mshahara kwa muda wa miaka 2, kikomo kikiwa dola 30,000. Mwaka 2024 mamlaka ya serikali ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha nchini humo iliichukulia hatua. Ilibainika kwamba kambi ilijinadi kuwa asilimia 71 hadi 86 ya wanafunzi wake walipata kazi, ilhali takwimu zake za ndani zilikaribia asilimia 50, na katika baadhi ya makundi zilishuka hadi 30. Fauka ya hayo, mamlaka ilisema mikataba ile ilikuwa mikopo iliyofichwa jina. Kwa familia ya Kiislamu inayojiepusha na riba, jina la mkopo si jambo dogo. Mkataba wa aina hiyo usomwe mbele ya mjuzi wa dini na mjuzi wa sheria kabla ya kutiwa sahihi. Huenda mchango wa jamaa, au zamu katika kikundi cha akina mama cha kuweka na kupeana fedha, ambacho Wasomali hukiita hagbad au ayuuto, ukawa mwepesi zaidi.

Katika soko la mifugo la Garissa, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya mifugo katika Afrika Mashariki, mnunuzi mwerevu hamwamini dalali kwa maneno matupu. Humfungua ngamia kinywa akayatazama meno, akamtembeza, akauliza alikotoka. Anayelipia kambi kwa kusoma tangazo pekee ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Kambi nayo ina meno yake. Je, imesajiliwa na mamlaka ya mafunzo ya ufundi, TVETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013? Wahitimu wa mwaka jana wako wapi, na je, wapo wanaoweza kuulizwa bila kambi yenyewe kuwateua? Neno "ajira" katika takwimu zake lina maana gani? Aliyepata kibarua cha mwezi mmoja amehesabiwa? Aliyeacha masomo njiani je?

Jino kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni lile ambalo binti huyu alilijua kabla hajaingia darasa la kwanza. Katika dugsi, yaani chuo cha Kurani, mtoto wa Kisomali huandika aya kwa wino wa makaa juu ya ubao uitwao loox. Huisoma, huikariri, kisha huipeleka kwa maalim, ambaye humsikiliza yeye peke yake na kumrudisha palipopinda. Ubao hauoshwi mpaka aya ikae sawasawa. Watoto huenda wakawa wengi, lakini kila ubao hupata sikio la kuusikiliza.

Programu nayo hufunzwa hivyo. Mwanafunzi huandika, hukosea, husahihishwa, huandika upya. Kambi isiyo na mtu wa kuusoma msimbo wa mwanafunzi na kumrudishia pamoja na masahihisho inauza video tu. Na video nzuri ziko bure, kama vile masomo ya freeCodeCamp, iliyoanza mwaka 2014, na somo la CS50 la Chuo Kikuu cha Harvard. Haja ya msomaji huyo imezidi tangu zana za akili unde zilipoenea kuanzia mwishoni mwa 2022. Zana hizo huandika msimbo kwa sekunde chache, na kosa lililojificha ndani yake humfaidi tu anayeweza kuliona. Basi swali la kwanza kwa kambi yoyote liwe: nani atausoma ubao wangu, na mara ngapi kwa juma?

Hapa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana sehemu yao. Binti huyu huwaza kwa Kisomali, hufanya mtihani kwa Kiingereza, na huzungumza na wenzake wa makabila mengine kwa Kiswahili. Mkufunzi atakayeweza kumweleza kwa Kiswahili chepesi kitanzi cha programu ni nini atamwondolea mzigo mmoja kati ya miwili. Istilahi zimebuniwa kwa wingi. Kinachokosekana ni maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya mtu kama yeye.

Ngamia, basi, asiuzwe kwanza. Binti na atumie miezi 2 katika masomo ya bure, ili ajue kama kazi hii anaipenda au aliipenda sifa yake tu. Aandike programu ndogo, mathalani ya kuhesabu mifugo ya jirani na maziwa ya kila siku. Kisha aipeleke kwa kambi mbili tatu na kuziomba zimwonyeshe makosa yake. Itakayomjibu kwa masahihisho imefungua kinywa, na meno yake yameonekana. Itakayomjibu kwa namba ya kulipia karo, nayo pia imejieleza.