Ndege Niliyoigeuza Mezani

Wengi wenu mmepata kuona ndege za mfano zinazouzwa katika visanduku, vipande vyake vya plastiki vikiwa vimeshikana katika fremu. Mtu huvikata, huvibandika, huvipaka rangi, na mwisho hupata ndege ileile iliyochorwa juu ya kisanduku. Mimi nataka kuwaeleza kazi nyingine, iliyonishughulisha miezi mingi: kutengeneza ndege ambayo haimo katika kisanduku.

Kazi hiyo huhitaji seti ya kugeuza. Fundi mwenye karakana ndogo huchonga sehemu zinazotakiwa, huzimwagia silikoni ili apate kalibu, kisha humimina ndani yake rezini, yaani utomvu wa kiwandani wa maji mawili yanayochanganywa na kuganda upesi. Viwanda vikubwa hutumia kalibu za chuma zenye gharama nyingi, navyo havitengenezi kitu kinachotakiwa na watu wachache. Kalibu ya silikoni ni rahisi, lakini huchakaa mapema. Ndiyo sababu seti hizi huwa chache, na pengine bei yake hupita bei ya ndege yenyewe.

Ndege niliyoitaka ni Super VC10. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946, lilipata ndege 5 za aina hiyo, ya kwanza mwaka 1966. Moja, 5X-UVA, iliangamia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, na watu 43 wakafa. Zikabaki nne: 5X-UVJ ya Uganda, 5Y-ADA ya Kenya, na 5H-MMT na 5H-MOG za Tanzania. Shirika lilivunjika mwaka 1977. Baadaye Jeshi la Anga la Uingereza lilizinunua zote nne, zikageuzwa huko Filton kuwa ndege za kuzijazia ndege nyingine mafuta angani. Ziliitwa VC10 K3, zikapewa namba ZA147 mpaka ZA150.

Marehemu baba yangu alikuwa mpakizi wa mizigo katika kiwanja cha Entebbe. Habari za injini hakuzijua sana, lakini mlango mkubwa wa mizigo ulioko ubavuni kushoto, karibu na pua, aliujua kama mlango wa nyumba yake. Ndege za VC10 za BOAC ya Uingereza hazikuwa na mlango huo. Za kwetu ziliagizwa nao. Nami nilipokuwa nikisoma juu ya kugeuzwa kwake, nilikuta jambo lililonifurahisha. Matangi ya mafuta yaliyowekwa ndani ya K3 yaliingizwa kwa mlango uleule. Ndege nyingine zilizogeuzwa, zilizotoka shirika la Gulf Air, hazikuwa na mlango wa namna hiyo, ikabidi zipasuliwe mgongo.

Basi nilichukua kisanduku cha Airfix cha kipimo cha 1 kwa 144. Ndege ya urefu wa mita 52 huwa ya sentimeta 36. Kutoka Uingereza nikaletewa kwa posta mfuko mdogo wa rezini: vidude viwili vya kuning'inia chini ya mabawa, ambamo mipira ya mafuta hutoka, sanduku la mpira wa tatu, la kuwekwa chini ya tumbo upande wa nyuma, na mrija wa puani, ambao kwa huo ndege yenyewe hupokea mafuta.

Kwanza huoshwa kila kipande kwa maji na sabuni, maana mafuta ya kalibu hukataa rangi. Kilichopinda hutiwa katika maji ya moto, kikanyoshwa. Kile kipande cha ziada kilichobaki mahali rezini ilipomiminwa hukatwa kwa msumeno mwembamba. Msasa uwe umeloweshwa maji, na pua na kinywa vifunikwe, kwa kuwa vumbi la rezini ni baya kwa mapafu. Gundi ya plastiki haishiki rezini hata kidogo, hutumiwa supagluu. Mrija wa rezini ni mwembamba mno na huvunjika kwa kuguswa, kwa hiyo niliweka sindano ya chuma mahali pake. Na kwa kuwa injini zote nne ziko nyuma, nilijaza chubwi za kuvulia samaki ndani ya pua, ndege isije ikakalia mkia.

Mlango haumo katika plastiki wala katika rezini. Niliuchora kwa ncha ya sindano, mstari baada ya mstari, nikiongozwa na rula.

Rafiki zangu waliniuliza, "Kwa nini usiiache katika rangi za Afrika Mashariki, tukaionea fahari?" Swali lao ni la haki, maana plastiki ikishakatwa haiungi tena ikawa kama zamani. Jibu langu ni kwamba ndege hizi zilitumika kwetu miaka michache tu, na huko ugenini zikatumika miaka mingi. ZA147, ndiyo ile 5H-MMT, ilikuwa VC10 ya mwisho duniani kuruka, tarehe 25 Septemba 2013. Nani atajua kuwa ilikuwa yetu, ikiwa sisi tutakumbuka nusu ya kwanza peke yake?

Kwa hiyo yangu ni ZA149, imepakwa rangi yao ya katani. Lakini kabla sijafunga pande mbili za kiwiliwili, niliandika ndani kwa kalamu ya risasi: 5X-UVJ.

Wanafunzi wenzangu, mkipenda kazi hii, anzeni na kisanduku cha bei ndogo, na msome habari za chombo kabla ya kukikata. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.