Usipitie njia ya wachimbaji

Mtoto wa dada yangu,

Ujumbe wako nimeusoma, na mama yako naye kanisomea wake. Unataka kuiona hifadhi ya Kahuzi-Biega, tena unataka kuingilia kwetu Walikale, kwa miguu, ukifuata vijia vya wachimba kasiterite, madini ya bati, kwa kuwa kibali cha kuingilia lango la Tshivanga ni ghali na huku chini hakuna wa kukudai kitu. Hamu yako naipenda. Njia uliyoichagua siitaki.

Ujue kwanza unachokiomba. Wageni hufika Tshivanga, kilomita kama 30 kutoka Bukavu, wakatazama gorila, wakapiga picha ya mlima Kahuzi wenye mita 3,308, kisha wakarudi mjini wakisema hifadhi wameimaliza. Wamekaa barazani tu. Ilipoanzishwa mwaka 1970 ilikuwa hekta 60,000, milima mitupu. Mwaka 1975 ikapanuliwa hadi hekta 600,000, ikateremka mpaka kwenye msitu wa chini, upande wa Shabunda na huku kwetu, na ukanda mwembamba ndio unaoziunganisha sehemu hizo mbili. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hifadhi ni hii ambayo mtalii haijui. Hapo tunakubaliana, na ndiyo sababu sikucheki.

Lakini vijia unavyovisema vina wenyewe. Kuna wachimbaji, kuna wanaobeba bunduki, kuna barieri zinazohama kila wiki. Mtu asiye na mzigo wala shughuli akionekana huko, swali la kwanza ni nani kamtuma. Utawajibu kwamba umekuja kutazama miti? Mimi ninayekujua ningekuamini kwa shida.

Tena siyo sasa. Tangu vita viingie Goma Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, safari ya matembezi si jambo la kupanga kwa simu. Mlima haukimbii. Subiri njia itulie, na kabla ya kutoka waulize watu wawili watatu wanaoishi njiani, usimuulize mwenye gari anayetaka nauli yako.

Siku ikifika, anzia Tshivanga kama wengine, na ulipe. Utapewa wasaka nyayo, na hao ndio shule yenyewe. Mtazame mmoja wao akiinama kwenye mianzi: anaokota chipukizi lililotafunwa, anaangalia kama palipokatika pangali pabichi, anageukia kinyesi, halafu anaonyesha upande kwa kidevu bila kusema neno. Ukiona hivyo nyamaza, weka simu mfukoni. Gorila wa huko, wanaoitwa wa Grauer, hawapatikani nchi nyingine yoyote duniani, ni huku mashariki ya Kongo tu, na mafua yetu yanawaua. Ukiwa unakohoa, baki chini hata kama umeshalipa. Barakoa utakayopewa ivae puani, si kidevuni.

Jambo jingine nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine. Msitu ule haukuwa mtupu. Adrien Deschryver, Mbelgiji aliyeianzisha hifadhi, aliwafikia gorila akiongozwa na Batwa, wenyeji wa msitu, waliozijua nyayo za wanyama hao, na miaka ileile ya 1970 Batwa wakatolewa msituni bila kupewa ardhi nyingine. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu kwamba serikali yetu iliwakosea. Walinzi wa hifadhi nao wamezika wenzao wengi mle ndani. Utakutana na pande zote mbili, huenda siku hiyohiyo, na kila upande utataka uuunge mkono. Wewe sikiliza. Usiwe kijana wa mjini anayefika na hukumu yake mfukoni.

Baada ya hapo, ukiwa bado na nguvu, uje kwetu kwa barabara kuu: Bunyakiri, kisha Hombo, kisha Musenge, mpaka Walikale. Utaona baridi ya mianzi ikiisha na joto la msitu likikupokea bila ramani kukuambia. Ufike Hombo mchana, wala usivuke daraja la pale usiku. Nitakuwa nimeshawaambia watu wakupokee.

Na viatu, mwanangu. Vile vyeupe ulivyovaa kwenye picha mwachie dada yako. Nunua mabuti ya mpira sokoni, yawe makubwa kidogo, uvae na soksi nene.

Mjomba wako,
Masisi