Mtaa wa Kushukia Makka

Kila mwezi wa Rajabu unapokaribia, jamaa na marafiki wanaokusudia kwenda Umra hutujia kwa ushauri. Swali lao la kwanza aghalabu ni gharama ya safari, na la pili ni hoteli ina nyota ngapi. Ni nadra kuulizwa hoteli hiyo imo katika mtaa gani wa Makka, na kama njia ya kutoka hapo hadi Msikiti Mtukufu ni ya tambarare au ya mlima. Kwa maoni yetu hilo ndilo lililostahili kutangulizwa mbele ya mengine yote, khasa kwa mtu anayefuatana na mzazi wake mzee.

Ndugu msomaji, mji wa Makka umelala bondeni, umezungukwa na milima ya mawe, na Alkaaba imo katika sehemu ya chini ya bonde hilo. Wenyeji tangu zamani waliugawa mji wao kwa kuufuata mteremko. Upande wa kaskazini wakauita Maala, yaani juu, ndiko yaliko makaburi alikozikwa Bibi Khadija (r.a.), na upande wa kusini wakauita Misfala, yaani chini. Majina hayo si ya bure. Mvua kubwa ikinyesha, maji huteremka kutoka juu kuelekea chini, na mwaka 1941 mafuriko yalijaa Msikitini hata wako waliotufu kwa kuogelea. Siku hizi maji yamechimbiwa njia zake, walakin mlima umebaki mlima, na karatasi ya wakala wa safari haiuonyeshi.

Hayo tuliyaona kwa macho yetu tulipofuatana na mama yetu mzazi, ambaye umri wake wakati huo ulikuwa umepita miaka sabini. Wakala aliyetusafirisha alikuwa ameandika kwamba hoteli ni “karibu na Haram, mita 600”. Mita hizo hatukuzikanusha, huenda zilikuwa kweli. Lakini hoteli ilikuwa Ajyad, juu kabisa ya barabara ipandayo mlimani. Kushuka kulikuwa rahisi. Kupanda baada ya sala, jua likiwa utosini, mama alilazimika kupumzika mara tatu katika vizingiti vya maduka, na wenye maduka, Mwenyezi Mungu awalipe kheri, wakampa kiti na maji. Siku ya pili alituambia, “Mwanangu, Safa na Marwa nimeimaliza, huu mlima wa tatu sikuambiwa.” Alisema hayo akicheka. Siku ya tatu hakucheka. Miguu ilikuwa imevimba, na adhuhuri, alasiri na isha alizisali chumbani, akiusikiliza kwa vipaza sauti Msikiti alioutamani maisha yake yote.

Tulimweleza kwamba wanavyuoni wengi wamesema fadhila ya sala ya Makka imeenea katika eneo lote la Haram, wala si ndani ya Msikiti peke yake, ijapokuwa wengine wameihusisha na Msikiti tu. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba yeye amekuja kuiona Alkaaba.

Basi tukahamia Misfala, katika barabara ya Ibrahim Khalil, kwa kulipa tofauti wenyewe. Kwa sura, hoteli ile ilikuwa duni kuliko ya kwanza: rangi ya ukuta imebanduka, lifti ni moja na yaguna. Lakini njia yake ni tambarare, yanyoka moja kwa moja mpaka uwanja wa Msikiti, na kando yake pana vijumba vya chakula cha Kipakistani ambako sahani moja ya wali na dengu yawatosha watu wawili. Kutoka hapo mama alihudhuria sala zote tano kwa miguu yake mwenyewe, akikaa Msikitini baina ya maghribi na isha.

Na afanye hesabu kila mtu kabla ya kutoa fedha zake. Hoteli iliyo mbali kilomita moja na nusu, kwa mwenye kwenda na kurudi mara nne kwa siku, ni kilomita 12, bila ya kuhesabu tawafu, na bila ya Safa na Marwa ambayo safari zake saba ni karibu kilomita tatu. Kijana atazitembea huku akishukuru. Mzee hatazitembea, na hapo ndipo safari aliyoiwekea akiba miaka kumi humalizikia kitandani.

Wako mawakala ambao ukiwauliza umbali hukutolea Hadithi ya Bani Salima, wale Ansari waliotaka kuhama makwao wasogee karibu na Msikiti wa Madina, na Mtume (s.a.w.) akawataka wabaki majumbani mwao, kwani nyayo zao zaandikwa. Hadithi ni sahihi, na utamu wake hauishi. Lakini Bani Salima walikuwa na majumba yao na miguu yao, wala hapakuwa na mtu aliyewauzia umbali kwa bei ya ukaribu.

Wenye uwezo hupendelea majumba marefu yaliyo mlangoni mwa Msikiti, pale palipokuwa na ngome ya Ajyad iliyobomolewa mwaka 2002, ambapo sasa umesimama mnara wa saa wenye urefu wa mita 601. Ni kweli, hapana karibu zaidi ya hapo. Hata hivyo, sala inapokwisha umati husongamana mbele ya lifti, na anayekaa ghorofa ya thelathini huenda akawa angali akingoja wakati ambapo jirani yetu wa Misfala amekwisha vua viatu. Hatumlaumu mwenye kuupenda ukaribu huo. Twasema tu asikope kwa ajili yake.

Aziziya ni habari nyingine. Mtaa huo uko mashariki, katika njia ya kwenda Mina, kilomita kama tano kutoka Msikitini, na vyumba vyake ni vikubwa na vya bei nafuu. Kwa Umra ya siku kumi hatungemshauri mtu kumshusha mzazi wake huko, maana utategemea basi, na siku za msongamano, kama Ijumaa na nyusiku za Ramadhani, magari huzuiwa mbali na Msikiti. Lakini katika Hija hukumu hugeuka. Mambo yakiwa ni Mina na Jamarati, Aziziya ndiyo iliyo karibu. Mwenye chumba hapo aweza kutupa mawe yake kisha akarudi kwa miguu kuoga na kupumzika, ilhali aliyelipa fedha nyingi kukaa mbele ya Msikiti ndiye aliye mbali. Kwa hiyo amuulize wakala jina la hoteli kwa maandishi, na mtaa wake, na lango la Msikiti linaloelekea; kisha amtafute mtu aliyekwisha kukaa hapo amuulize habari za mlima.

Madina ni tambarare, na mitaa inayouzunguka Msikiti wa Mtume (s.a.w.), iitwayo Markazia, karibu yote yafaa. Ila hata huko pana upande. Kibla cha Madina ni kusini. Kwa hiyo wanaume wako mbele, na sehemu kubwa ya wanawake iko kaskazini. Familia inayoshukia upande wa kusini huwalazimisha wanawake wake kuuzunguka Msikiti mzima kwa kila sala. Sisi tulichukua chumba kaskazini, njia mbili tu kutoka lango la wanawake, na tangu siku ya pili mama hakutaka tena kushikwa mkono. Alikuwa akitoka mwenyewe kabla ya adhana ya kwanza ya alfajiri, mswala begani, nasi tukimkuta jua limechomoza, ameketi uwanjani na wanawake wa Indonesia wasiojua neno moja la lugha yake, wakigawana tende.