Aliyeangushwa Mara 238

Mwanangu alipoleta ripoti ya shule akiwa amevuta mkia, niliinua mkono nimchape. Nikamkumbuka Hattorizakura, mwanamieleka wa sumo wa Japani.

Alianza mwaka 2015 katika daraja la chini kabisa, ambako hakuna mshahara. Wakati mmoja aliangushwa mara 89 mfululizo. Alipostaafu mwaka 2021 alikuwa ameshinda mara 3 tu, akashindwa 238.

Hata hivyo, kila alipobwagwa aliinama kwa heshima, na zamu yake ilipofika akarudi ulingoni. Je, wewe ungerudi? Mimi, nasema kweli, singerudi.

Nilishusha mkono. "Muhula ujao utajaribu tena?"

"Nitajaribu, baba."

Usiku huo huo tulianza na hesabu za kugawanya.